Ukienda Bury St Edmunds nenda Jumatano au Jumamosi, usirudie kosa langu

Ndugu zangu mlioko huku Uingereza, siku ya ofu sio lazima uende London kila mara. Mi nakaa Cambridge, napiga shifti za usiku za kuangalia wazee, na mara ya kwanza kwenda Bury St Edmunds nilijiendea tu Jumanne bila kuuliza mtu. Treni kama dakika arobaini hivi, nikashuka, nikatembea mpaka katikati ya mji, nafika sokoni hakuna soko! Njiwa na magari yaliyopaki basi. Nikapiga picha mbili nikarudi nimenuna. Kumbe soko lao ni gulio kabisa kama ya kwetu, Jumatano na Jumamosi, wenyeji wote wanajua siku yake, mgeni ndo anaumbuka.

Kwahiyo nenda siku ya gulio, tena asubuhi, na anzia pale pale sokoni kwenye mboga na samaki na jibini, usikimbilie magofu ya kanisa la kale kwanza. Na ukiwa unazunguka jiulize swali moja: ushuru wa soko hili enzi hizo alikuwa anakula nani? Mi ndo lililonifungua macho, maana bila hilo unaona majengo ya zamani tu, mazuri, ila hayaongei.

Jibu ni watawa. Iko hivi, Edmund alikuwa mfalme wa East Anglia (huku mashariki mwa Uingereza), Wadenmark wakamuua mwaka 869, hadithi inasema walimfunga kwenye mti wakamchoma mishale halafu wakamkata kichwa, na mbwa mwitu akakaa anakilinda mpaka watu wake walipokipata (ndo maana sanamu za mbwa mwitu mtazikuta mjini humo). Mwili ukaja kuzikwa hapa, mahujaji wakaanza kumiminika, na mwaka 1020 mfalme Cnut, naye Mdenmark eti, akaweka watawa wa Kibenedikto. Abasia, yaani makao ya hao watawa, ikatajirika balaa. Abati (mkuu wa watawa) mmoja anaitwa Baldwin, karne hiyohiyo ya 11, akapima mji ukawa na mitaa iliyonyooka, mpaka leo ukisimama Churchgate Street unaona barabara inateremka moja kwa moja hadi kwenye mnara wa Wanorman uliokuwa lango la kanisa la abasia. Yaani mji mzima ulipangwa uangalie kwa watawa, na biashara yote ya mjini ilikuwa chini yao.

Sasa wafanyabiashara walivumilia weee, mwaka 1327 wakachoka. Wakavamia abasia wakapora, lango likabomolewa, na baadaye abati mwenyewe akatekwa akafichwa ng'ambo ya bahari huko Brabant. Lile lango kubwa mnaloliona leo pale Angel Hill, Abbey Gate, ni jipya lililojengwa baada ya vurugu hizo, na ukilitazama vizuri utaona lina matundu ya kurushia mishale. Lango la nyumba ya sala lina matundu ya mishale! Hapo nilisimama nikacheka peke yangu.

Ukipita hilo lango unaingia bustani, bure, hulipi kitu, na magofu yapo humo humo. Kanisa lao lilikuwa na urefu wa mita 150 na zaidi. Inasemekana mwaka 1214 mabaroni, yaani mabwana wakubwa wenye ardhi, walikutana hapo wakala kiapo cha kumbana Mfalme John, na mwaka uliofuata Magna Carta, hati ya kumwekea mfalme mipaka, ikapatikana, kuna kibao kinaeleza. Halafu 1539 Henry VIII akaifunga abasia, watu wakabeba mawe mazuri ya kuta wakajengea kwao, ndo maana yaliyobaki yanaonekana kama meno yaliyooza. Kaburi la dada yake Henry, Mary, aliyewahi kuwa malkia wa Ufaransa, lilihamishiwa kanisa la St Mary's hapo jirani, usilipite.

Mengine fasta fasta. Moyse's Hall, nyumba ya mawe ya kama mwaka 1180 palepale sokoni, sasa ni makumbusho, wana kitabu kilichojaladiwa kwa ngozi ya muuaji William Corder aliyenyongwa hapo mjini 1828, mwenye moyo mwepesi asiangalie. The Nutshell ni baa ndogo kama mita tano kwa mbili, wakiingia watu kumi na kitu mmejaa, na darini kananing'inia kapaka kakavu. Mi sinywi, nilichungulia tu nikatoka. Na ukisikia harufu nzito ya kuchemka msimu wa baridi usidhani ni mfereji umeziba, ni kiwanda cha sukari ya biti (ule mzizi kama kiazi), kipo tangu 1925.

Kitu cha kuacha mwisho, jua likianza kuzama, ni upande wa magharibi wa gofu la kanisa. Kuna nyumba zimejengwa ndani ya matao yenyewe, milango, madirisha, mapazia, kila kitu. Nilipopita mara ya pili taa zilikuwa zimewashwa na mtu anaosha vyombo ndani ya ukuta wa watawa.