Hesabu za dawa: malizana na nukta kwanza, fomula baadaye

Wewe unayeanza famasia, usikimbilie kukariri fomula. Maswali mengi ya mwaka wa kwanza ni hesabu za shule ya msingi: sehemu, desimali, uwiano, asilimia. Wanafunzi ninaowaona wakikwama, wengi hukwama kwenye kuhamisha nukta.

Gramu 1 ni miligramu 1,000, na miligramu 1 ni mikrogramu 1,000. Ukigawanya kwa 1,000 pale ulipotakiwa kuzidisha, jibu limepotoka mara milioni moja. Andika 0.5, usiandike .5, andika 5, usiandike 5.0, maana nukta ikififia mtu atasoma 50.

Halafu jizoeze kukisia kabla ya kushika kikokotoo. Mtoto wa kilo 12 ameandikiwa parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito: dozi moja ni miligramu 180. Chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Sasa, 180 ni 120 na nusu yake, basi ujazo nao ni 5 na nusu yake: mililita 7.5. Ukija kupata 75 utashtuka mwenyewe kabla ya mwalimu. Na kila mstari andika kipimo chake. Namba tupu haisemi kama ni miligramu au mililita.

Asilimia ya dawa iliyoyeyushwa ni gramu ndani ya mililita 100. Kwa hiyo lignokeini ya 2% ina miligramu 20 kila mililita. Kwenye uwiano wengi huteleza: adrenalini ya 1:1,000 ina miligramu 1 kwa mililita, na ile ya 1:10,000 ni hafifu mara kumi, ingawa namba yake ni kubwa.

Kuzimua nako kuna mtego wake. Jik ya 3.5% ukitaka iwe 0.5%, 3.5 gawanya kwa 0.5 unapata 7. Hizo ni sehemu zote kwa jumla, kwa hiyo maji ni sehemu 6. Spiriti ndiyo ya kuangalia zaidi. Kupata lita 1 ya 70% kutoka 95%, unapima mililita 737 hivi, kisha unajaza maji hadi alama ya lita. Usipime maji 263 ukamimina: spiriti na maji vikichanganyika ujazo hupungua, na lita haitatimia.