Kabla hujampa dalali wa hisa hela yako, muulize anakulaje

Mwaka wangu wa kwanza kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam nilinunua na kuuza mara tisa. Tisa! Na mtaji wenyewe ulikuwa milioni mbili na nusu, hela ya kikoba. Kijana wa kampuni ya udalali alikuwa akinipigia Jumatatu asubuhi: "Dada, hii imefika mwisho, tutoke huku tuingie kule." Natoka, naingia. Desemba nikakaa na makaratasi nikajumlisha. Bei zilikuwa zimeniongezea kidogo, kamisheni, yaani makato ya dalali kila ninaponunua au kuuza, zikala kile kidogo chote na kuumega mtaji. Sikuibiwa, kila shilingi imeandikwa. Mimi ndiye sikumuuliza yule kijana analipwaje.

Ndipo nikaanza kumsoma Charles Schwab, dalali wa Kimarekani aliyezaliwa Sacramento, California, mwaka 1937. Utotoni aliokota kokwa za jozi (walnut) na kufuga kuku, akauza. Shuleni kusoma kulimtesa, na alikuja kujua kwamba ana disleksia, tatizo la ubongo linalofanya kusoma kuwe kugumu, akiwa mtu mzima, mwanawe alipopimwa na kukutwa nayo. Nayapenda haya, lakini siyo yaliyonifungua macho.

Kilichonifungua ni Mei 1, 1975. Tangu mwaka 1792, madalali 24 walipotia saini mapatano yao kule New York, kamisheni ilikuwa haipatanwi: bei ni moja, utake usitake. Siku hiyo ya Mei 1975 serikali ya Marekani ikaondoa utaratibu huo. Kampuni nyingi kubwa zikawashushia wateja wakubwa na kumpandishia mteja mdogo. Schwab, aliyekuwa na kampuni changa San Francisco, akafanya kinyume: akamshushia mdogo. Mjomba wake alimpa mtaji kwa sharti kwamba afungue tawi Sacramento, naye akafungua.

Na hapa ndipo penye utamu. Wafanyakazi wake waliopokea oda walilipwa mshahara, si kamisheni, na hawakukwambia ununue nini. Kwa hiyo aliyepokea simu yako hakuwa na sababu ya kukuhangaisha uuze leo ununue kesho. Wenzake kwenye biashara waliwadharau, wakiwaona wauza duka tu. Mimi ningempata muuza duka wa namna hiyo mwaka ule, leo ningekuwa mbali.

Usidhani mambo yalimnyookea. Aliiuza kampuni kwa Bank of America miaka ya 1980, akajuta, akainunua tena mwaka 1987 kwa dola milioni 280. Septemba mwaka huohuo akauza hisa za kampuni kwa umma. Oktoba 19 soko la New York likaporomoka asilimia 22.6 kwa siku moja.

Oktoba 2019 kampuni hiyo ikafuta kabisa kamisheni ya kununua hisa za Marekani kwa mtandao. Bure! Lakini swali langu liko palepale: wanakulaje? Sehemu kubwa ya mapato yao ni riba inayotokana na fedha za wateja zilizolala kwenye akaunti bila kuwekezwa. Si dhambi, ila ujue.

Kwa hiyo ukienda kufungua akaunti, omba mchanganuo wa makato yote kwa maandishi: ya dalali, ya soko, ya mamlaka inayosimamia soko, ya hifadhi ya dhamana (wanaotunza kumbukumbu za hisa zako). Kwetu asilimia hupungua kadiri oda inavyokuwa kubwa, hivyo ukinunua vipande vidogovidogo kila wiki unajiumiza. Kusanya kwanza. Uliza pia ukiuza, hela yako itakaa kwao siku ngapi kabla haijafika benki. Na dalali akikuambia uuze, mwambie akueleze kilichobadilika kwenye kampuni yenyewe. Akianza kukuhadithia bei tu, agana naye kwa heshima.

Mimi nilihama. Siku ya kwanza kwenye ofisi mpya nilimuuliza mzee wa mezani, hata chai sijanywa: "Baba, wewe unakulaje hapa?" Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, kila ukinunua nakula, kila ukiuza nakula." Nikamwambia basi kwangu atashinda njaa, maana nitanunua mara mbili kwa mwaka, gawio la faida likiingia. Akacheka, akanisogezea fomu.