Dada unayetaka kugombea 2029, usisubiri fomu ndo uanze

Kuna meseji naipata sana, mdada au mama fulani ananiuliza dada mi nataka kuingia siasa nianzie wapi, na swali linalofuata huwa ni hilohilo, eti viti maalum (vile vya wanawake, usivyogombea jimbo wala kata) vinapatikanaje. Naomba nijibu hapa kwa wote maana nimechoka kuandika kitu kilekile inboksi. Mi niliwahi kuwa mjumbe wa serikali ya mtaa hapa Kigoma Ujiji, niliingia kwa kundi la wanawake, yaani zile nafasi zetu wanawake za mtaa, nikamaliza kipindi changu, na baada ya hapo nimezunguka kwenye kampeni za wanawake wenzangu wa udiwani, hapa mjini na kule Kasulu ukweni. Kwahiyo naongea ya kuona kwa macho.

Uchaguzi wa serikali za mitaa uliopita ulikuwa 27 Novemba 2024, na kipindi ni miaka mitano, hesabu mwenyewe. Mtu anasema aah 2029 bado. Bado kwako. Yule mwanaume atakayekushinda ashaanza, saa hizi yupo msibani ameshika daftari la michango.

Na hapo kwenye msiba ndo nataka tukae kidogo. Msiba ukitokea mtaani sisi tunaenda nyuma, tunachambua mchele, tunapika, tunaosha masufuria usiku kucha, na kule mbele kuna mtu anaandika nani katoa shilingi ngapi, alafu mwisho anasimama anasoma hesabu mtaa mzima unamsikiliza. Baada ya misiba kadhaa yule mtu ni kiongozi tayari, kura itakuja kuthibitisha tu. Mi ushauri wangu wa kwanza kabisa ni huo, toka jikoni uombe daftari. Hata siku mojamoja. Kwenye kikundi cha kuweka na kukopa usikubali kuwa mwanachama tu wa kununua hisa na kurudi nyumbani, omba ukatibu au uweka hazina, maana pale unajifunza kusimama na hesabu mbele ya watu wenye maswali magumu kuliko ya baraza la madiwani. Kama kikundi kinaomba ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri (wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, sheria imewekwa tangu 2018) we ndo uwe unayepanda na makaratasi ofisi ya kata na kurudi na majibu. Wale wanawake siku ya kampeni huhitaji kujitambulisha kwao.

Cha pili ni mikutano. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu na mkazi yeyote wa miaka 18 kwenda juu ni mjumbe halali, huhitaji kualikwa na mtu. Huku mjini kuna mkutano wa mtaa. Nenda, kaa mbele, uliza mapato na matumizi. Mi nilianza kujulikana kwa swali moja la hela za mchango wa madawati, nililiuliza, likapigwa chenga, mkutano uliofuata nikaliuliza tena, mpaka watu wakawa wakiniona wanacheka wanasema haya mama madawati kaja. Lile jina lilinisumbua mwanzoni ila kwenye kampeni lilinifanyia kazi kuliko bango.

Sasa viti maalum. Mi sio mpinzani wa viti maalum na wala simcheki aliyepita huko, bila hivyo bunge letu lingekuwa karibu lote la kina baba. Mwaka 1985 wabunge wa viti maalum vya wanawake walikuwa 15, ikafika 75 mwaka 2005, 113 mwaka 2015, na kwenye halmashauri sheria inataka theluthi moja ya madiwani. Hapo kuna kazi imefanyika. Ila jua unachokiingia. Kule kwenye mtaa na kijiji kundi la wanawake tunapigiwa kura na wananchi wenyewe, lakini diwani wa viti maalum anapatikana kupitia chama, wanaokupitisha ni wanawake wenzako wachache wa ndani ya chama, kwahiyo ukimaliza miaka mitano huna kata ya kusema hawa ndo watu wangu. Mbunge wa viti maalum hivyohivyo, mfuko wa jimbo, ile hela ya maendeleo ya jimbo, haumhusu, na hata Katiba inasema Waziri Mkuu atoke kwa wabunge wa kuchaguliwa majimboni. Kwahiyo ingia ukijua unatokaje. Mama Margaret Sitta wa Tabora alikaa bungeni kwa viti maalum, akawa na uwaziri wa elimu, alafu 2015 akaenda kugombea jimbo la Urambo akashinda. Na huku kwetu Dkt. Florence Samizi alilichukua jimbo la Muhambwe, Kibondo huko, kwenye uchaguzi mdogo wa Mei 2021. Wanaosema Kigoma haimpi mwanamke jimbo waulize hilo.

Kuna jambo la ukoo ambalo semina hazilisemi vizuri. Ukigombea kijiji ulichozaliwa utaambiwa huyu ataolewa aondoke. Ukigombea ulipoolewa wanasema huyu kaja tu, sio wa hapa. Yaani mwanamke hana kwao! Dawa niliyoona inafanya kazi ni kuongea na shemeji zako na mawifi kabla hujachukua fomu, sio baada, maana maneno mabaya yanaanzia uani kwako ndo yanafika kijiweni. Mume akikubali peke yake haitoshi. Rafiki yangu mmoja aliangushwa na wifi, mume alikuwa anabandika mabango.

Na kule Kasulu kwenye kikao fulani mzee alisimama akasema Buha, yaani nchi yetu Waha, haijawahi kutawaliwa na mwanamke. Kuna bibi pale nyuma akamkata hapohapo kwa Kiha, akamuuliza Mwami Theresa Ntare alikuwa nani? Maana huyo mama alikuwa Mwami, yaani chifu, wa Heru, hukohuko Kasulu, enzi za mkoloni, kabla machifu hawajafutwa 1963. Mzee akakaa. Ni kweli Mwami Theresa hakupigiwa kura za maoni, umwami ni wa ukoo wa kitawala na we utapita kwa wajumbe, ila hilo jibu liweke mfukoni litakusaidia.

Wajumbe sasa, wale wa chama wanaopiga kura za maoni kumchagua mgombea. Ule utani wa wajumbe sio watu wazuri wote mnaujua. Ntasema kifupi, watakuomba hela ya nauli, ya vocha, ya mgonjwa, na ukianza kutoa huwezi kuacha na mwenye nyingi zaidi atakuja usiku wa mwisho akufute. Mi niliowaona wakipita bila hela nyingi ni wale waliowajua wajumbe kwa majina miaka miwili kabla, nyumba kwa nyumba. Na kuna wanaume wakubwa kidogo kwenye vyama watakwambia njoo tuongelee jina lako sehemu tulivu. Hiyo sehemu tulivu ni gesti. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai, kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007, namba ya TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, ni 113 na ni bure. Tunza meseji, usifute hata kama unaona aibu, aibu ni yake. Na usiende peke yako kikao chochote cha usiku, beba hata mdogo wako.

Mwisho fomu, na hapa wengi wanafia, hasa wa vyama vya upinzani. Jina liandikwe vilevile lilivyo kwenye nyaraka zako zote, kama ni Mwajuma usije ukaandika Mwaju. Kazi andika, usiache wazi eti huna kazi, unauza mawese hapa Mwanga mjini hiyo ni kazi, andika mfanyabiashara. Barua ya chama na mihuri hakikisha vimo, maana huku hakuna mgombea binafsi. Piga kopi ya kila ukurasa kabla ya kurudisha. Alafu jiandikishe kwenye orodha ya wapiga kura ya mtaa wako, ile kadi ya mpiga kura ya uchaguzi mkuu ni kitu kingine kabisa, 2024 uandikishaji wa mitaa ulikuwa wa siku chache tu kuanzia 11 Oktoba na kuna watu walibaki nje wakitikisa kadi. Jina lako likikatwa usilie hapo ofisini, uliza muda wa rufaa unaisha saa ngapi na udai sababu kwa maandishi.

Anayetaka nimwangalizie fomu yake kabla hajairudisha aje tu nyumbani, ila asije siku ya mwisho saa tisa.