Three Smart Girls (1936): ndiyo, inaangalika, na ndiyo iliyomtoa Deanna Durbin

Mdau ameuliza kama filamu ya Three Smart Girls bado inaangalika leo pamoja na watoto, na kama kweli ndiyo iliyompa umaarufu mwigizaji na mwimbaji Deanna Durbin. Yote mawili ni kweli. Mimi nafundisha kwaya ya watoto, kwa hiyo nitajibu zaidi kwa masikio.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mabinti watatu wanaishi Uswisi na mama yao aliyeachika. Wanasikia baba yao, tajiri wa New York, anakaribia kumuoa mwanamke kijana anayefuata pesa zake, basi wanapanda meli kwenda kuivunja harusi. Wanapanga bwana mmoja wa ukoo wa kifahari aliyefilisika amtongoze yule bibi harusi. Kazi inamwangukia kimakosa lodi wa Kiingereza mwenye pesa zake (Ray Milland). Yule mfilisika mlevi ni Mischa Auer, na kila anapotokea watoto wangu huangua kicheko.

Durbin ndiye mdogo wa mwisho, Penny. Alizaliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1921, akakulia California. Studio ya filamu ya MGM ndio waliomchukua kwanza, wakitaka aigize utoto wa mwimbaji wa opera Ernestine Schumann-Heink. Mpango huo haukufika popote. Wakampa filamu fupi moja pamoja na Judy Garland, kisha wakamwachia, studio nyingine, Universal, wakamdaka. Wakati huo Universal walikuwa hoi kwa madeni. Mwaka huohuo wa 1936 mwanzilishi wao, Carl Laemmle, alikuwa amepoteza kampuni yake. Mtayarishaji wa filamu hii, Joe Pasternak, na mwongozaji wake, Henry Koster, walikuwa wamefika Marekani kutoka Ulaya muda mfupi tu uliopita. Filamu ikajaza kumbi, ikateuliwa kuwania Oscar tatu, ikiwemo ya picha bora, na binti wa miaka kumi na mitano akawa tegemeo la studio nzima.

Sasa sauti. Tazama pale kituo cha polisi. Penny ametoroka nyumbani, askari wamemkamata, naye anajitetea kwamba ni mwimbaji wa opera. Wanamwambia athibitishe. Anaimba Il Bacio, ule waltzi wa Arditi, na askari wanabaki wameduwaa. Wimbo wa aina hii una vipande vya mbio ambavyo vikimkuta mtoto asiye na pumzi vinamwangusha palepale. Wanafunzi wangu wakipanda noti za juu huinua mabega na kupiga kelele. Durbin mabega yake yametulia, maneno hayamezwi, na noti ya juu inatoka laini kama ya chini. Alikuwa akifundishwa na Andrés de Segurola, mwimbaji wa besi, yaani sauti nzito ya kiume, aliyewahi kuimba Metropolitan Opera, jumba la opera la New York, na mafunzo yanasikika.

Lakini kinachonifanya niipende ni jinsi Koster alivyoitumia sauti hiyo. Penny anazungumza harakaharaka, anakatiza watu, anakimbia ngazi, mtoto kabisa. Halafu anafungua mdomo na inatoka sauti ya mwanamke mzima. Kichekesho cha eneo lile kimesimama juu ya tofauti hiyo, na wimbo unafanya kazi ndani ya kisa. Filamu nyingi za muziki za miaka ile husimamisha hadithi ili mtu aimbe, kisha huiwasha tena. Nilipowaonyesha wanakwaya wangu, hapo ndipo walipotulia, na swali la kwanza lilikuwa: anavuta pumzi saa ngapi?

Udhaifu upo. Mapenzi ya dada wawili wakubwa yanaburuta, na mama, ambaye wanampigania safari nzima, anaonekana kidogo mno. Mchumba wa baba naye amechorwa mbaya tupu. Ukiangalia na watoto ambao wazazi wao wameachana, zungumza nao kwanza, maana filamu inawaahidi kwamba watoto wakijitahidi wazazi watarudiana.

Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na haifiki saa moja na nusu. Ikikunogea, usirukie mwendelezo wake wa 1939. Nenda kwanza One Hundred Men and a Girl ya 1937, ya Koster huyohuyo, kuhusu wanamuziki wasio na ajira. Humo Durbin anaimba Alleluia ya Mozart mbele ya okestra inayoongozwa na kondakta mashuhuri Leopold Stokowski mwenyewe, na kwa mwalimu wa kwaya kipande hicho kinastahili kurudiwa na kurudiwa.