Mahindi Yamedumaa Shimba Hills

SWALI: Nina shamba la ekari moja Shimba Hills. Misimu miwili sasa mahindi yanaishia magotini na majani ya chini yanageuka zambarau, ingawa naweka mbolea ya DAP kila nikipanda. Jirani anasema nimwage chokaa ya kujengea. Je, itafaa?
Msomaji, Likoni

JIBU: Ya kujengea iache kabisa, hupandisha pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ghafla na kuunguza miche. Kwanza ng'oa mche mmoja, uoshe, utazame mizizi. Ikiwa minene na mifupi, ncha za kahawia, vijizizi vyembamba hakuna, shuku asidi. Chini ya pH 5.5 alumini ya udongoni huanza kuyeyuka, nayo huzuia ncha za mizizi kurefuka. Fosforasi ya DAP nayo hunaswa na alumini na chuma, ndiyo hiyo zambarau unayoiona. Isitoshe, DAP yenyewe huzidisha asidi msimu hadi msimu.

Pima kabla ya kununua chochote. Chota udongo wa juu, sentimita 20, sehemu 15 ukienda kwa kupindapinda. Changanya kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, anika kivulini, peleka nusu kilo maabara. Ikithibitika, tumia chokaa ya kilimo: kwa kawaida kilo 400 hadi 800 kwa ekari, na udongo wa kichanga hutosheka na kidogo. Ukizidisha, zinki hukosekana na majani machanga hutoka na michirizi myeupe. Nyunyiza wiki tatu au nne kabla ya kupanda, uichanganye na udongo hadi sentimita 15. (Walio karibu na ufuo, kwenye udongo wa matumbawe, wasithubutu: chokaa tayari imejaa.)

Tatizo ni kwamba chokaa haishuki chini upesi, mizizi hushuka. Hapo ndipo mbegu inapohitajika. Mwaka 2007 watafiti wa Embrapa, shirika la utafiti wa kilimo la Brazili, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitambua jeni ya mtama inayofanya ncha ya mzizi kutoa sitreti, kemikali ambayo huifunga alumini nje ya mmea. Chuo Kikuu cha Moi kimeshirikiana nao kutafuta mahindi na mtama wa kustahimili udongo wenye asidi wa Kenya. Usidhani mbegu chotara ya mahindi PH4 inatosha: ilizalishwa kwa ajili ya Pwani, na kuvumilia joto si kuvumilia alumini. Muulize muuza mbegu hilo waziwazi.

Utakapoweka chokaa, acha mistari minne bila, upate cha kulinganisha ukivuna.