Kitako kinachopinda

SWALI: Shikamoo, mzee. Nina bunduki ya bolti, ya risasi za .30-06, yenye leseni, na kitako chake ni cha plastiki. Nikiilaza juu ya mfuko wa mchanga, risasi zinakaa pamoja kwenye mita 100. Nikiifunga miguu miwili ya mbele, zinatawanyika. Rafiki yangu anasema ninunue darubini mpya. Mimi nataka kukikaza kitako mwenyewe na kukilalisha chuma, yaani mtutu na chemba yake, kwenye gundi ndani ya kitako, ila kazi hii sijawahi kuifanya. Nianzie wapi? Au nichonge kitako kipya cha mninga?
Msomaji, Sikonge, Tabora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hela ya darubini iweke mfukoni. Toa risasi zote, chomoa bolti, tazama chemba kwa macho yako. Sasa simamisha bunduki kwenye miguu yake, kisha kwa mkono mmoja bana mtutu pamoja na ncha ya kishikio cha mbele. Plastiki ikifika mpaka ikagusa mtutu, umeshamkamata mwizi. Vitako vya namna hiyo ndani vina uwazi na vijikuta vyembamba tu; miguu inavisukuma juu, navyo vinausukuma mtutu, kila mara kwa nguvu tofauti.

Basi anza kwa kukaza. Ukilalisha chuma kwenye kitako ambacho bado kinanesa, gundi umeitupa. Toboa vile vijikuta, pitisha fimbo mbili za chuma au alumini kwa urefu wa kishikio, jaza gundi ya araldaiti. Chukua ile inayokauka polepole. Ya dakika tano itakugandia mkononi kabla hujapanga kitu. Plastiki ni mbishi kushikana na gundi, kwa hiyo ikwangue kwa msasa mkali, toboa na vijitundu ili gundi ipate pa kung'ata. Usijaze yote kwa mkupuo: gundi nyingi ikikaa pamoja huchemka, na kwa jua la Oktoba la huko kwenu kishikio kitapinda kabisa. Mimina nusu alfajiri, nusu kesho yake. Halafu kwangua mfereji wa mtutu hadi karatasi iliyokunjwa mara mbili ipite bila kukwama toka ncha mpaka karibu na chemba.

Kulalisha ndiko kwenye uchawi. Kile kigino cha chuma chini ya chemba ndicho kinachopokea teke la bunduki. Kibandike selotepu mbele, ubavuni na chini, uso wa nyuma uuache wazi, maana huo peke yake ndio unaotakiwa kuegemea gundi. Kifungue kifyatulio kikiwa kizima, ukiweke kando. Kila tundu, kila ufa, ziba kwa nta ya nyuki, ambayo Tabora haikosekani. Kisha paka dawa ya viatu kwenye kila chuma kitakachokaribia gundi, nyuzi za skrubu zikiwemo, iache ikauke, upake tena. Hapa usifanye haraka hata kidogo. Gundi ikiingia kwenye tundu ulilolisahau, chuma na kitako vimefunga ndoa.

Sasa weka gundi kitakoni pale chuma kinapokaa, ukilaze juu yake. Kikishakaa, usikaze skrubu. Utakikunja, na gundi itaganda na kosa hilohilo. Kizungushie mpira wa tyubu ya baiskeli, kikae kwa uzito wake mpaka kesho yake. Kikigoma kutoka, gonga mtutu taratibu kwa nyundo ya mpira.

Kupima ni hivi: funga skrubu zote, weka kidole pale mtutu unapokutana na ncha ya kishikio, legeza ya mbele polepole. Ukihisi mtutu unanyanyuka, chuma bado kinakunjwa, rudia. Kikitulia, umemaliza.

Tafadhali, usimwachie seremala wa mtaani bunduki nzima. Ukihitaji mkono wake, mpelekee kitako kitupu. Chuma kibaki kabatini chini ya kufuli, kwa sababu leseni ina jina lako. Na kurekebisha chuma chenyewe, yaani chemba, bolti na kifyatulio, ni kazi ya fundi mwenye kibali.

Kuhusu mninga: unafaa sana, hausinyai ovyo masika yakipishana na kiangazi. Shida ni mbao zinazouzwa, nyingi bado zina maji. Nunua sasa, upange chini ya paa pasipo jua, tuandikiane tena mwakani.