Jibu Langu kwa Dada wa Kakamega: Anza na Pumzi

Dada mmoja wa Kakamega ameniandikia. Mashemeji zake wanataka kumpora shamba la marehemu mumewe, na kila wakikutana anatetemeka, maneno yanamkwama kooni. Anauliza mimi nilifanyaje mpaka nikaketi meza moja na mtu aliyenidhulumu nikazungumza bila kulia.

Dada, pole sana. Nakujibu hapa kwa sababu najua si wewe peke yako.

Mnaonisoma siku zote mnajua nilikuwa nauza mitumba ya watoto pale soko la Kibuye, Kisumu, mimi na mshirika wangu. Jumapili moja alfajiri, siku ambayo soko linafurika, nilifika nikakuta kibanda kitupu. Marobota yote yameenda, na mshirika wangu nayo. Ilibaki kamba ya manila tuliyokuwa tukitundikia nguo, na kibanio kimoja chekundu. Mtaji ule ulikuwa mkopo wa chama, na niliulipa peke yangu hadi shilingi ya mwisho. Bado unaniuma.

Usiku moyo ukaanza kunienda mbio, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi. Nikajua ni ugonjwa wa moyo. Nilipimwa, moyo ukaonekana mzima. Muuguzi ndiye aliyenifungua macho: mtu mwenye hofu hupumua harakaharaka, anatoa kaboni dioksidi kupita kiasi, ndipo vidole hufa ganzi na kichwa kuwa chepesi. Akanishika mkono mmoja akauweka kifuani, wa pili tumboni. "Mama, huu wa chini ndio uinuke. Wa juu utulie."

Chini ya mapafu kuna msuli uitwao kiwambo. Ukivuta hewa, kinashuka na tumbo linajaa. Moyo nao huongeza mwendo kidogo unapovuta pumzi na kuupunguza unapoitoa, kwa kazi ya neva ya vagasi inayotoka kwenye ubongo na kushuka hadi tumboni. Kwa hiyo siri iko kwenye kutoa. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa taratibu ukihesabu hadi 6. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Hapa utashuka hadi mara 6 hivi. Mawazo yakikimbilia kwa mashemeji usigombane nayo, rudi tu kwenye pumzi. Ukiona kizunguzungu, acha, pumua kawaida.

Kuna walioniambia hayo ni mambo ya dini za watu. Ni kweli Wabudha wamefuatilia pumzi kwa karne nyingi, na mwaka 1979 mwanasayansi Jon Kabat-Zinn aliyaingiza mafunzo ya aina hiyo hospitalini Massachusetts, Marekani, kuwasaidia wagonjwa wa maumivu sugu. Lakini mimi ni Mkristo, na Biblia yangu inasema Mungu alimpulizia Adamu pumzi ya uhai puani. Nitaiogopaje zawadi yake?

Basi juzi wazee wa soko wakatuketisha, mimi na mshirika wangu yule. Yule bwana akaja na shati limenyooka, akasema eti "tulipoteana tu." Joto likanipanda shingoni. Nikaweka mkono tumboni chini ya leso, nikatoa pumzi yote, tena, tena. Kisha nikataja deni ninalomdai, robota kwa robota, na sauti haikutetemeka. Wazee walisikia kila neno. Ameanza kulipa, na najivunia siku ile kuliko duka nililo nalo sasa.

Ndugu zangu, sote tunataka kujenga, kusomesha, kufungua biashara ya pili. Utafikaje huko na mtu mwingine amekukalia kifuani? Amani ya moyoni haimaanishi kunyamaza ukidhulumiwa. Tulia ili udai haki yako usikike. Pumua asubuhi kabla ya kushika simu, pumua kwenye matatu, pumua kabla ya kujibu.

Nawe dada, usingoje siku ya kikao cha shamba. Anza usiku wa leo ukiwa umelala chali, mkono tumboni. Na hati zako peleka nakala kwa mtu unayemwamini.